Gauni peke yake halichekeshi

Zuhura mwenzangu,

Salamu nyingi, na mama mpe zake. Hilo la Hamisi wa kundi lenu kutokea jukwaani amevaa gauni ili achekeshe, na ukumbi ukanyamaza, limenikaa rohoni. Msimlaumu. Gauni huchekesha dakika moja, basi.

Itafuteni filamu ya Some Like It Hot, ya mwongozaji Billy Wilder, mwaka 1959. Wanamuziki wawili wa Chicago wameshuhudia majambazi wakiua watu. Wakionekana mjini wamekwisha. Kazi iliyopo mbali, huko Florida, ni ya bendi ya wanawake watupu. Wanavaa magauni kuokoa roho zao, kwa hiyo wigi likienda upande mtazamaji anacheka huku moyo unamdunda. Hamisi wenu anakimbia nini? Kwa ulivyoniandikia, hakimbii chochote.

Halafu mwendo. Waigizaji waliletewa mwalimu wa kuwafundisha kutembea kike, lakini Jack Lemmon, aliyeigiza mmoja wa hao wanamuziki wawili, hakutaka kuujua vizuri mno. Alitaka aonekane mwanaume anayehangaika. Mtazameni pale stesheni, vifundo vinavyompinda juu ya visigino, na Marilyn Monroe anapompita... Hamisi akikata kiuno makusudi anawakejeli wanawake, na ndio waliojaa ukumbini. Ajitahidi kwa dhati, ashindwe kidogo tu.

Poda msimjaze. Wilder aliamua kupiga picha nyeusi na nyeupe kwa kuwa kwenye majaribio ya rangi vipodozi vizito viligeuza nyuso kijani. Anyoe siku hiyohiyo, apake nyembamba.

Ila kubwa ni nafasi ya kicheko. Lemmon anapotangaza kwamba amechumbiwa na tajiri, Wilder alimpa manyanga mkononi: anasema neno, anayatikisa na kucheza, ndipo anasema jingine. Watu wanacheka washibe bila kupoteza maneno yanayofuata. Ninyi mnajibizana bila kupumua. Anayeanza kucheka anajinyamazisha mwenyewe ili asikie. Mpeni Hamisi khanga begani, kila akitoa neno kali aivute, ajifunge upya, taratibu. Mwajuma asimjibu mpaka fundo likaze.

Lakini msianze na khanga kabla hamjapata cha kumkimbiza. Deni? Baba mkwe mwenye panga? Mnarudia lini? Hamisi bado anataka, au amesusa? Na lile wigi ni la kuazima, au naweza kuwaambia mlipunguze kwa mkasi?

Nijibu upesi.

Wako,
Rehema