Pikipiki za umeme na milima ya Nyandarua

Mhariri,

Naandika kuhusu taarifa yenu iliyosifu unafuu wa pikipiki za umeme kwa wahudumu wa bodaboda. Jijini Nairobi ni kweli, kwa kuwa betri ikiisha hubadilishwa kituoni kwa dakika chache. Lakini huku kwetu, ambako bodaboda hupanda mlima wenye matope akiwa na gunia la viazi na mitungi ya maziwa, betri huisha mapema na kituo hakipo.

Bei maalumu ya umeme wa kuchaji magari na pikipiki za umeme, iliyoanza mwaka 2023, haimfai asiye na pa kuchajia. Kaunti ishirikiane na vyama vya ushirika kuweka betri za kubadilisha kwenye vituo vya kupozea maziwa, ambavyo tayari vina umeme (na jenereta, maana umeme wetu tunaujua) na ambako waendeshaji hao hufika kila alfajiri.

Mkulima, Ol Kalou