Usinunue Rejeta Kabla Gari Halijapimwa

Lawama inayorudi kila mara pale gereji kwetu Mwanga, Kigoma, ni hii: "Nimelipa elfu ishirini na hamjafunga hata boliti moja." Mwezi huu imetoka kwa mteja mwenye Noah ya abiria inayokwenda Kasulu. Aliondoka na hasira, akawaambia wenzake stendi kwamba tumempiga. Tunamheshimu na hatuna ugomvi naye, ila ni haki wateja wetu wote wajue hiyo 20,000 ya kupima gari linalochemsha inalipia nini.

Huyu bwana alikuja na rejeta mpya tayari imefungwa. Gari lilikuwa linachemsha mlimani, mtu akamwambia rejeta imekufa, akaagiza nyingine Dar, ikaja kwa basi, akafungiwa. Safari ya kwanza likachemsha palepale lilipokuwa linachemsha. Akatuletea akitaka tumthibitishie kwamba ameuziwa rejeta feki. Rejeta ilikuwa nzima kabisa. Tuliliwasha gari likapata moto, tukakanyaga mafuta huku fundi akimulika chini kwa tochi, na mpira wa chini wa rejeta ukanywea mbele ya macho yetu, kuta zake zikagusana. Wota pampu huvuta maji kupitia mpira huo, na ndani yake kulikuwa na springi ya kuuzuia usinywee. Springi ilikuwa imeliwa na kutu, haikubaki hata kipande. Gari likisimama, mpira unarudi umbo lake, kila kitu kinaonekana sawa. Likipanda mlima kwa mzunguko mkubwa, maji hayapiti.

Mpira ule bei yake ilikuwa chini ya pesa ya kupima, na hapo ndipo hasira ilipoanzia. Lakini ndugu zangu, tungemtoza nini kingine? Kufunga mpira ni kazi ya dakika chache. Kujua kwamba ni mpira, na si rejeta, wala pampu, wala gasketi, ndiyo kazi yenyewe.

Swali letu la kwanza kwa dereva huwa moja: linachemsha lini? Msituone tunapoteza muda. Gari linalochemsha likiwa limesimama stendi linasubiri abiria, halafu likianza kutembea linapoa, tunakimbilia feni: mota yake, relei, swichi, au kluchi ya feni kwa Hiace na Prado. Feni inaweza kuzunguka na bado ikawa haina nguvu ya kuvuta upepo. Linalotulia mjini na kuchemsha ukipanda kwenda Manyovu, tunatafuta mahali maji au upepo unapozuiwa. Na linalopunguza maji kila siku bila tone kuonekana chini, hilo linatutia wasiwasi zaidi, kwa sababu huenda maji yanaingia kwenye silinda.

Baada ya hapo tunaliacha lipoe. Wateja wengi hawapendi sehemu hii. Ila mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto, na sababu yake ni rahisi. Mfuniko umegongwa namba juu, 0.9 au 1.1, ndiyo presha unayotakiwa kuibana. Maji yakibanwa kiasi hicho hayachemki mpaka yapite nyuzi 115. Ukifungua ghafla presha inaondoka, na hapa Kigoma, mita zaidi ya 770 juu ya usawa wa bahari, maji yasiyobanwa huchemka hata kabla ya 100. Yote yanakurukia usoni. Kwa hesabu hiyohiyo, mfuniko uliolegea springi unaweza kuchemshia gari lisilo na ubovu mwingine wowote, na wengi wanabadilisha rejeta wakirudishia mfuniko uleule wa zamani.

Gari likishapoa tunafunga pampu ya mkono mahali pa mfuniko, tunajaza presha na kuangalia mshale. Ukishuka, kuna panapovuja, tunapafuata. Tunachungulia tundu dogo la wota pampu kama lina michirizi ya kutu. Tunalegeza kondensa ya kiyoyozi na kuangalia katikati yake na rejeta. Kuna Land Cruiser ilitoka kazini Uvinza, mbele unaiona safi, lakini kati ya kondensa na rejeta vumbi jekundu na nyasi vilikuwa vimeshikana, huwezi kupenyeza mwanga. Ile haikuhitaji spea yoyote.

Sasa themostati, ile valvu inayofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto. Hili ndilo linalotuumiza roho, kwa sababu karibu kila gari linalofika kwetu baada ya kuhangaika kwingine limeshatolewa themostati. "Nchi yetu ya joto, haina kazi hiyo." Ina kazi. Injini isiyofika joto lake hunywa mafuta zaidi, kwa sababu kompyuta inadhani bado ni ya baridi, na vyuma vinalika haraka. Zaidi ya hapo, kwenye injini nyingi za Toyota themostati ikifunguka huziba pia ile njia fupi ya maji ya kurudi kwenye injini. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari unalotaka kulipoza linachemsha zaidi. Kuipima hakuna uchawi: sufuria ya maji, jiko, kipima joto. Zile zilizoandikwa 82 zianze kufunguka hapo, na kwenye 95 ziwe wazi milimita 8 au zaidi. Ikigoma, inabadilishwa. Njoo uangalie mwenyewe, sufuria ipo.

Kuhusu maji, tuseme ukweli. Maji ya Ziwa Tanganyika ni mazuri ya kuogea na kunywa yakishatibiwa, lakini yana madini mengi, magnesiamu hasa, na ukiyaongeza kwenye rejeta kila wiki yanaacha ukoko ndani ya vijia vyembamba. Kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, si anasa. Na bizari ya kuziba rejeta inayovuja, jamani, tuiache jikoni. Tumewahi kufungua rejeta ya Fuso iliyokuja kutoka Kibondo, vijia vya chini vyote vimejaa tope la njano. Tundu lilizibwa, kweli. Na rejeta yote ikazibwa nalo.

Hasara kubwa kuliko zote ni ya kuendelea na safari. Dereva wa Hiace iliyobeba dagaa aliona mshale wa joto umepanda, akaongeza mwendo awahi Kidahwe, mshale ukashuka, akashukuru. Maji yalikuwa yameisha. Kihisio cha joto hufanya kazi kikiwa ndani ya maji, kikibaki hewani kinaweza kudanganya. Gari lilizimika lenyewe. Tulipovuta kijiti cha oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tukaweka rula ya chuma juu ya hedi, yaani kichwa cha injini, ikaonekana imepinda kupita kiasi cha milimita 0.05 kinachoruhusiwa. Gasketi, kusawazisha hedi, oili, kulanti, siku kadhaa bila abiria wala mzigo. Kazi ile iligharimu zaidi ya mara 30 ya pesa ya kupima, na alikuwa ameona dalili muda mrefu kabla.

Kwa hiyo mshale ukipanda, zima kiyoyozi, egesha pembeni, zima injini na uache mfuniko ulivyo mpaka uweze kuushika kwa mkono mtupu. Usimwagie injini maji baridi. Magari madogo mengi ya siku hizi hayana mshale, yana taa tu: ya bluu ni injini bado baridi, nyekundu ni simama.

Ukitaka tulipime, lilete jioni lilale hapa. Mlinzi yupo. Asubuhi tunalifungua likiwa baridi kabisa, na ukiweza uwepo. Ukiamua kutengenezea kwetu, spea zote tulizotoa utazikuta kwenye boksi nyuma ya gari lako. Ukiamua kupeleka kwa fundi wako, tunakuandikia kwenye karatasi tulichokikuta, unaondoka nayo.