Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, na wale tisa mliofika kikao cha Machi nawasalimu mara mbili.

Ya kawaida mnayajua. Mafunzo ya kibodi yalifanyika, futari ilifana, kabati limepata kufuli jipya. Tulipokea maboksi sita ya disketi na karatasi za Kiinuktitut, lugha ya Wainuit, kutoka kwa majirani zetu hapa Ottawa, tukahamisha faili kama 800 kwenda Unicode, mfumo wa kimataifa wa nambari za herufi kwenye kompyuta. Basi.

Nije kwenye dola 1,900 za chama nilizolipia usomaji wa faili hizo, maana najua kundi la WhatsApp halilali kwa ajili yake.

Faili zile ziliandikwa miaka ya 1990 kwa fonti kama Nunacom na ProSyl, ambazo huzivisha herufi za Kilatini sura ya silabi, yaani alama za mwandiko wa Kiinuktitut. Kwenye karatasi unasoma ᐃᓄᒃᑎᑐᑦ. Ndani ya kompyuta kilichohifadhiwa ni «wk4tg5». Fonti ikikosekana, barua ya bibi wa mtu inageuka nywila. Unicode toleo la 3.0, mwaka 1999, ndiyo iliyoipa kila silabi nambari yake. ᐃ ni 1403, popote utakapoifungua. Wengine mkasema, si iandikwe tu programu ya kubadilisha, usiku mmoja kazi imekwisha? Niliiandika mimi, bila malipo, na naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu.

Lakini faili ya maandishi matupu haikumbuki fonti. Barua ya kwanza niliyoifungua ilikuwa na anwani ya Kiingereza juu, na programu ikaigeuza yote kuwa silabi, mtaa, msimbo wa posta na hata jina la mji wetu. Kwingine nukta ya irabu ndefu ilidondoka. Nani kati yetu, na Kiswahili chetu na Kilingala chetu, angeiona nukta hiyo?

Ndiyo maana nikamlipa mama mmoja wa Kiinuit, mfasiri mstaafu, azisome moja moja. Naam, nilitia sahihi bila kikao. Kikao kiliitishwa mara mbili na akidi ni 15. Walikuja 9, kisha 7, mmoja wao mtoto wa mweka hazina. Wanaodai fedha zile zilikuwa za nyama choma ya Julai wanasema kweli, na kwa hilo sina la kujitetea. Ila mama yule alikuta makosa kwenye karibu robo ya faili, na zilikuwa zirudi kwa wenyewe zikiwa na jina la chama.

Alinikamata na mimi. Karatasi tatu za mkono za Kugaaruk, kijiji cha Nunavut, zilikuwa na silabi za Wanattilik, Wainuit wa huko, zilizoingia Unicode toleo la 14.0, mwaka 2021. Orodha yangu ya silabi ilikuwa ya zamani, nikaweka zinazofanana. Nimerekebisha. Aliyelisambaza kosa hilo kwenye kundi angeweza kunipigia simu.

Ada: wanachama 41, waliolipa 16, yaani dola 960. Majina nimeambiwa nisiyasome. Wawili kati ya wanaonidai maelezo ya zile 1,900 wana deni la miaka mitatu.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tutapata skana nzuri na pengine mfadhili. Maboksi mawili bado hayajaguswa, yako chini ya ngazi nyumbani kwangu. Jumamosi nipo, kuanzia saa nne asubuhi.

Mwenyekiti