Bibi zao wa Marekani

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Chicago. Sisi wazima, baridi tu. Uliniuliza kama Wamarekani weusi nao wana bibi wa kuwafunda wajukuu, au huku kila mtu na lake. Wanao, tena bibi ndiye mhimili wa nyumba.

Jirani yangu, mama mtu mzima mzaliwa wa Mississippi, analea wajukuu wake. Mmoja akikaidi humwambia: "Kichwa kigumu, makalio laini." Basi nikakumbuka asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Mwingine akianza kutoa siri za nyumbani mbele ya watu, anaambiwa: "Si kila jicho lililofumba limelala." Mtoto ananyamaza hapo hapo.

Mambo haya yana mizizi mirefu. Enzi za utumwa, South Carolina, kule kusini mwa Marekani, ilikataza watumwa kufundishwa kuandika tangu 1740, basi mafunzo yakawa ya mdomo. Mama alikuwa shambani mchana kutwa, au ameshauzwa mbali, mtoto akabaki kwa kikongwe. Frederick Douglass, yule mtumwa aliyetoroka akawa msemaji mkuu wa kupinga utumwa, alilelewa hivyo huko Maryland na bibi yake, Betsy Bailey, fundi wa kusuka nyavu za samaki. Alipofika miaka kama sita, bibi huyo huyo aliamriwa kumpeleka kwa bwana wake. Walitembea kwa miguu, mtoto akichoka anabebwa. Walipofika akaambiwa akacheze na wenzake. Kugeuka, bibi keshaondoka. Jambo hili huniliza kila nikilisoma. Mwanamke yule angemrithisha nini mjukuu ambaye hata kisheria hakuwa wake? Alikuwa na maneno tu. Na methali unaweza kuisema mbele ya bwana, mtoto akaonyeka, bwana asijue kilichosemwa.

Kati ya 1910 na 1970 watu weusi wapatao milioni 6 walihama majimbo hayo ya Kusini wakaja miji ya kaskazini kama huu na Detroit. Wengi, shule zikifungwa, waliwapandisha watoto treni kurudi kwa bibi na babu, wakae huko kiangazi kizima: kanisani, bustanini, barazani jioni wakisikiliza wakubwa.

Ndiyo maana siafiki wanaosema familia za watu weusi zimevunjika kwa kuwa baba au mama hayupo. Nyumba iliyoshikwa na bibi imesimama. Wewe na mimi tumelelewa hivyo, tunajua.

Sasa nina ombi. Wanangu wanamjua bibi yao kwa simu tu, na salamu zikiisha hawana la kumwambia. Julai nataka kuwaleta Muheza wakae naye mpaka shule zifunguliwe, bila mimi. Nenda ukamuulize kama afya inamruhusu, maana nikimuuliza mimi atasema ndiyo hata kama anaumwa. Kitanda na chandarua nitatuma fedha.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako akupendaye.