Hawaimbi kama sanamu, ndugu yangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki ilopita kuhusu kwaya za vyuo vya Uingereza, kwamba eti wanaimba kama sanamu, hawachezi, hawatabasamu, na isitoshe ni kwaya za watoto wa matajiri. Mi naishi Cambridge mwaka wa sita sasa, kazi yangu kutunza wazee majumbani, na nikiwahi kutoka zamu napita kanisani kwa King's College, chuo kimoja cha hapa chenye kwaya maarufu, kusali sala za jioni, kwa hiyo haya nayosema sijayaokota Youtube.

Nadhani mwenzangu aliona ile ibada yao ya nyimbo za Krismasi ya kwenye tv, mishumaa kila kona na kamera inapanda mpaka kwenye dari. Ile inarekodiwa kabla, ndo maana kila kitu kimenyooka. Ya redio, ya tarehe 24 mwezi wa 12, hiyo ndo mubashara. Sasa we achana na zote mbili, njoo Jumanne moja ya mwezi wa pili, baridi inauma masikio, saa kumi na moja na nusu jioni giza limeshaingia, hulipi hata senti, unaingia unakaa. Siku ya kwanza nilikuta watu hata hamsini hawafiki, tena kadhaa niliona wazi wameingia kujikinga na mvua, halafu ikaingia kwaya nzima, watoto 16 wenye kanzu nyekundu na nguo nyeupe juu na kola ya mikunjo shingoni, nyuma yao vijana wa chuo kama 14 hivi, wakaimba kana kwamba malkia kakaa kiti cha mbele.

Hapo ndo nikaelewa habari ya sanamu. Yani hawakutazami wewe! Viti vyao vimepangwa pande mbili zinazotazamana, nusu huku nusu kule, na zaburi zinaimbwa kwa kupokezana, upande huu unamaliza mstari upande ule unadaka. We uliyekuja kusikiliza unawaona kwa ubavu tu. Wakimaliza hakuna anayepiga makofi, mtu akipiga anatazamwa kama kaangusha sufuria. Sala ile haikuandaliwa kwa ajili ya watu kutazama, sasa mtoto atabasamu kwa nani, amchezee nani? Babu yangu alikuwa mwalimu wa kwaya upande wa Muheza, kwa Waanglikana, na zaburi alifundisha hivohivo, upande kwa upande, sisi wajukuu tukajua ni mtindo wake mwenyewe. Kumbe mzee aliurithi. Ile misheni ya Magila, kulekule Muheza, ilikuwa ya UMCA, shirika la wamisionari wa Kianglikana wa vyuo vikuu vya Uingereza, na UMCA chanzo chake ni hotuba aliyotoa mmisionari Livingstone hapahapa Cambridge mwaka 1857. Nilivosikia ule mpokezano siku ya kwanza nilishika benchi.

Siku moja nilibahatika kukaa karibu kabisa na watoto. Mbele yangu kulikuwa na kadogo, miaka tisa hivi, kando yake mkubwa wa kumi na mbili au kumi na tatu. Kadogo kakapotea kwenye zaburi, nadhani zile zaburi ndefu zinawachanganya wote (kitabu chao cha sala kinazigawa zote 150 kwa siku za mwezi, jioni ya tarehe 15 inaangukia ya 78, mistari sabini na kitu, jamani). Mkubwa hakugeuza shingo wala hakuacha kuimba, aliteremsha tu kidole kwenye kitabu cha mwenzie, akaweka pale kwenye neno, akasubiri mpaka kadogo kamedaka, akaondoa kidole. Basi. Hiyo kwangu ndo shule yenyewe, ukitaka kujua sauti ile inatoka wapi inatoka kwenye kidole kile, miaka na miaka mkubwa anamwonyesha mdogo, mkubwa sauti inavunjika anaondoka, mdogo anakuwa mkubwa anaanza na yeye kuonyesha. Mazoezi kila asubuhi kabla ya kuingia darasani. Kinachomshangaza mwenzangu kwenye tv ni mabaki tu ya hizo asubuhi zote.

Sasa hilo la utajiri. Hapa sitambishia moja kwa moja. Mfalme Henry wa Sita alianzisha chuo mwaka 1441, na sheria zake zilitaka watoto 16 maskini, wenye tabia njema, wanaojua kusoma na kuimba. Na walikuwa wanahudumia meza kwenye bwalo la chuo, wanabeba sahani kabisa. Leo shule yao ni ya kulipia, na wao wanakaa bweni, ingawa mtoto akiingia kwaya chuo kinabeba sehemu kubwa ya ada, na kuingia ni kwa kujaribiwa sauti na sikio, sio kwa jina la baba. Lakini niseme ukweli, mzazi anayejua kuna jaribio la kumpeleka mtoto wa miaka sita au saba kuimbishwa mbele ya mwalimu wa kwaya huwa tayari ana piano sebuleni. Kwa hiyo mwenzangu kakosea sheria lakini kwenye hali halisi hajakosea sana. Na zile kofia ndefu nyeusi wanazovaa wakitembea kwa mstari kutoka shuleni kwenda kanisani, kama wanaenda kufanya mazingaombwe, kwakweli hazimsaidii mtu kuamini habari za watoto maskini.

Hao wakubwa wa nyuma nao watu wanadhani ni wanamuziki wa kuajiriwa. Zamani ndio, palikuwa na waimbaji wa mshahara wanakaa mpaka uzeeni, taratibu nafasi zao zikachukuliwa na wanafunzi. Sa hivi ni vijana wa digrii wa kawaida, mmoja anasoma historia mwingine hesabu, anaacha maabara au maktaba anakimbilia kanzu. Wanaimba alto, teno na besi, na alto ni wanaume, ukifumba macho utaapa ni mama. Wakipata digrii wanaondoka. Yani kwaya nzima, juu na chini, inabadilika watu kila baada ya miaka michache na bado inasikika ileile. Sisi kwetu mwalimu wa kwaya akihama parokia kwaya inakufa, na sare zimebaki tatu kabatini.

Lakini kuna jambo mi linanikera na mwenzangu hakuligusa. Nilimpeleka binti yangu, ana miaka tisa, anaimba kutwa nzima mpaka tunamwomba anyamaze. Akakaa kimya ibada yote, tulivotoka akauliza, baba, wale wasichana wanaimba siku gani? Nikakosa jibu. King's watoto ni wavulana tu mpaka leo, wasichana wanaosoma chuoni wana kwaya nyingine ya mchanganyiko iliyoanza 1997, inaimba Jumatatu. Ila ukitembea kidogo tu, St John's College, kwaya yenye sifa hizohizo, tangu 2022 inapokea wasichana na wanawake sawasawa na wavulana na wanaume. Oxford kule, chuo cha Merton walianzisha kwaya ya wasichana mwaka 2016. Wanaotetea wavulana wanasema sauti ya mvulana kabla haijavunjika ina rangi yake, na kwamba wasichana wakiingia wavulana watajitoa polepole. Hiyo ya pili naielewa, hata kwetu teno wanatafutwa kwa tochi. Hiyo ya kwanza nimekaa St John's nimefumba macho nimesikiliza, sijaona kilichoharibika. Binti yangu sa hivi tunaenda huko, ni mbele kidogo, ila anakaa mbele kabisa na anahesabu wasichana.

Na tukirudi kwenye Krismasi, maana najua ndo wengi mnaijua. Ibada ile ilianza 1918, vita kuu imetoka kuisha mwezi uliopita tu, na aliyeipanga pale King's alikuwa Eric Milner-White, mkuu wa kanisa, katoka kuwa padri wa jeshi. Redio waliingia 1928. Vita ya pili vioo vya madirisha vilitolewa vikafichwa, ibada ikarushwa bila kutaja jina la mahali. Ule wimbo wa mji wa Daudi unafungua ibada, ubeti wa kwanza anaimba mtoto mmoja peke yake bila hata kinanda, na mtoto mwenyewe hajui ni yeye. Wanaandaliwa kadhaa, mwalimu anamnyooshea mmoja kidole dakika ya mwisho, taa nyekundu ya redio inawaka, anaimba. Wanasema ni ili asipate usiku wa kuogopa.

Mama mmoja ninayemhudumia, ana miaka tisini na moja, hawezi tena kutoka kitandani, kila nikifika ananiuliza leo wameimba zaburi ya ngapi. Nikisema sikupita, ananuna. Mwaka jana tarehe 24 nilikuwa zamu kwake, saa tisa alasiri akanikataza kuwasha hata birika, tukakaa gizani na redio. Muheza saa hiyo ni saa kumi na mbili jioni. Baba alikuwa anaiweka redio dirishani ili na walioko uani wasikie, na sisi tulikuwa tunagombania nani atashika antena.

Wenu msomaji,
Mzaliwa wa Muheza, Cambridge, Uingereza