Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: mbeba mzigo anamhitaji mwanasheria siku ya kwanza

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha wabeba mizigo hapa Mwaloni, Kirumba. Kazi yangu ni daftari: nani kabeba nini, kakitoa boti gani, anakipeleka wapi, kwa shilingi ngapi. Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo lenyewe si langu peke yangu. Waendesha guta, bodaboda na makondakta wa mji huu wakilisoma watalijua.

Alfajiri moja, kijana wetu wa guta alipewa magunia matatu ya udaga, yaani muhogo uliovundikwa ukakaushwa, ayafikishe stendi ya Nyegezi. Mwenye mzigo alimlipa 8,000, akasema anatangulia na daladala akakate tiketi. Udaga unanuka, Mheshimiwa, mtu wa kanda hii hahitaji kuambiwa. Ukishinda karibu na gunia lake pua inachoka, hunusi tena kitu kingine. Njiani akasimamishwa. Gunia la katikati lilikuwa na udaga juu na udaga chini, tumboni bangi, imefungwa kwenye mifuko ya nailoni. Mwenye mzigo aliyetangulia kukata tiketi hatujamwona mpaka leo.

Nilifika kituoni mchana, nimeongozana na mama yake aliyebeba chupa ya uji. Sikitaji kituo, maana nia yangu si kugombana na mtu. Kijana nilimkuta ameshaweka dole gumba kwenye karatasi tatu. Nikamuuliza, umesomewa? Akasema, "Kaka katibu, niliambiwa weka hapa na hapa, nikaweka." Moja ilikuwa hati ya kukamata mali. Nyingine maelezo ya onyo, yale ambayo polisi humwandika mtuhumiwa baada ya kumwonya. Ya tatu hata leo sijui ilikuwa ya nini. Hati ya kukamata mali ilisema amekutwa na gunia la bangi, kilo 26.

Hapo kwenye kilo 26 naomba nikae kidogo. Gunia lilipandishwa kwenye mzani zima zima, udaga wake, nailoni zake na kamba yake. Sisi huku mwaloni tunapima dagaa, na mchuuzi asipotoa uzito wa gunia anazomewa mpaka aone aibu. Ripoti ya Mkemia Mkuu wa Serikali ilipokuja miezi mingi baadaye, bangi yenyewe haikufika kilo 12. Kwa kesi hizi kilo si hesabu ya sokoni. Kilo ndiyo inaamua kama dhamana ipo au haipo, kosa linaitwaje na mahakama ipi inasikiliza.

Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 haina mchezo, na sisemi ilegezwe. Kubeba, kuhifadhi, kufikisha, vyote vimo ndani ya neno kusafirisha. Hata kwenye uzito wa chini adhabu ya kusafirisha ni miaka 30, na uzito ukizidi ni maisha. Nimeona watoto wa Igogo na Mabatini walivyoliwa na unga, na nimewahi kumfukuza mwanachama wetu aliyekuwa anajua kabisa anachobeba. Wapo wa hivyo, siwafichi. Lakini ndiyo maana kuna kesi: kumtenga anayejua na asiyejua. Tangu 1987 Mahakama ya Rufani ilishasema kwamba kukutwa na kitu maana yake ni ujue kipo na uwe na mamlaka nacho. Kijana wa guta ana mamlaka gani na gunia lililoshonwa na mwenyewe?

Na kujua au kutojua hakuthibitishwi mahakamani miaka miwili baadaye. Kunathibitishwa siku ileile, ushahidi ukiwa bado wa moto. Namba ya mwenye mzigo ilikuwa kwenye simu ya kijana, simu ya mwisho kupigwa, saa kumi na moja na dakika chache alfajiri. Simu ikachukuliwa kama kielelezo, ikatiwa kwenye bahasha, na sikuona dalili kwamba kuna aliyeifuata namba ile. Daftari langu lilikuwa na jina alilojiandikisha nalo mwenye mzigo na boti aliyoshuka nayo. Nilikwenda nalo kituoni kwapani. Nikaambiwa nisubiri nitaitwa. Sikuitwa.

Wakili tuliyempata baadaye, kwa mchango wa kikundi na mbuzi wawili wa familia, alituambia neno ambalo sijalisahau: utetezi wa kesi ya dawa za kulevya huwa umeshashinda au umeshashindwa kabla wakili hajavaa joho. Akatufungulia rufaa ya jinai namba 110 ya 2007, ambamo Mahakama ya Rufani ilieleza mnyororo wa utunzaji wa vielelezo: iwepo kumbukumbu ya maandishi, hatua kwa hatua, nani alikamata, nani alipokea, nani alitunza, nani alipeleka kwa mkemia, nani alirudisha. Pete moja ikikatika, wakili mzuri anaingilia hapo. Akatuuliza: wakati wa kupima, mtuhumiwa alikuwepo? Shahidi huru alikuwepo, au ni askari watupu? Lakiri iliwekwa mbele ya nani? Maelezo yaliandikwa ndani ya zile saa nne za msingi tangu akamatwe, au kesho yake? Aliambiwa kwamba ana haki ya kuwa na wakili, ndugu au rafiki wakati anaandikwa maelezo? Tukatazamana. Kila alichouliza kilikuwa kimepita kabla ya uji wa mama kupoa.

Mahakamani nako, kwa kuwa ni kesi ya uhujumu uchumi, kijana alikuwa akiambiwa kila baada ya wiki mbili kwamba hatakiwi kujibu lolote, mahakama haina mamlaka, upelelezi haujakamilika. Halafu anarudi gereza la Butimba. Mama yake aliizoea njia ya Butimba kama njia ya kisimani. Baada ya miaka miwili na miezi kadhaa, upande wa mashtaka ukaliondoa shauri. Tulishangilia, mpaka wakili alipotueleza kwamba kuondolewa kwa namna ile hakumzuii mtu kukamatwa tena kwa kosa lilelile. Guta lilikuwa limekaa mvua mbili uani. Minyororo imekufa, tairi zimeondoka.

Sasa ombi langu, Mheshimiwa. Najua polisi wako wizara nyingine, usinijibu hilo. Msaada wa kisheria uko kwako. Sheria yake ya 2017 inamtambua hata mtu aliye kizuizini. Kampeni ya Mama Samia iliyoanza 2023 imefanya kazi kubwa, tumeona watu wakirudishiwa viwanja na mirathi. Lakini mabanda ya kampeni hiyo yanakaa viwanjani, na mbeba mzigo yuko kaunta ya kituo. Naomba uwepo utaratibu wa zamu, kama wa manesi: msaidizi wa kisheria au wakili wa kujitolea anayeweza kuitwa mtu anapokamatwa kwa kosa ambalo adhabu yake ni miaka 30 au maisha. Najua msaidizi wa kisheria haruhusiwi kusimama mahakamani. Asisimame. Akae tu pembeni, amsomee kijana karatasi kabla ya dole gumba, aandike kwamba gunia lilipimwa pamoja na udaga, na aseme: jamani, simu hii ina namba, na nje kuna mtu ana daftari. Hayo yakiingia kwenye jalada siku ya kwanza, mwendesha mashtaka naye atakuwa na kitu cha kusoma kabla mtu hajamaliza miaka mahabusu. Huenda hata mwenye bangi mwenyewe akakamatwa, maana hadi sasa yeye ndiye aliyefaidi.

Tena kabla sijasahau, fomu ya kukamata mali iwe na mstari mmoja wa uzito wa kitu na mwingine wa uzito wa gunia. Hili ni la wenzako wa wizara ile nyingine, ila mnakaa meza moja kwenye Baraza la Mawaziri.

Kwa upande wetu tumeanza. Hakuna gunia linalopanda guta la kikundi bila mwenyewe kulifungua, kuonyesha kitambulisho na kuacha namba tukaipiga pale pale. Tumepoteza wateja. Wengine wanatutukana, wanakwenda kwa vijana wasio na kikundi, na hao ndio watakaokamatwa mwezi ujao. Kijana wetu amerudi kazini, siku hizi anasukuma toroli la kukodi, na gunia la udaga haligusi hata umlipe mara tatu.

Daftari la mwaka ule nimelitunza. Liko kwenye kibanda chetu, limefungwa kwa nailoni lisilowe, ukurasa nimeukunja. Ukituma mtu, aje asubuhi kabla boti za Ukerewe hazijaanza kushusha, baada ya hapo hatutasikilizana.

Wako mtiifu,
Katibu, kikundi cha wabeba mizigo
Mwaloni, Kirumba, Mwanza