Kabla ya kuipeleka kwa sonara, someni ukingo wake

Mhariri,

Wiki jana katika gazeti lako niliona tangazo dogo la mtu anayenunua "sarafu, medali na vitu vya kale kwa bei nzuri". Sina ugomvi naye, kila mtu na riziki yake. Lakini naomba nafasi niwaambie wenye medali hizo jambo moja kabla hawajampigia simu.

Mimi ni fundi saa hapa Ngamiani, Tanga. Nimekalia kiti hiki zaidi ya miaka thelathini, na watu wamezoea kuniletea kila kitu kidogo kinachotaka macho: vifungo, kufuli zilizopotelewa na funguo, mikufu iliyokatika. Na nishani za wazee wa Keya, yaani King's African Rifles (K.A.R.), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja na kitu amekifunga kwenye pindo la kanga. Nilidhani ni saa. Kumbe medali ya fedha, nyeusi kwa kukaa. Upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili mtu uchi juu ya farasi anayekanyaga ngao, na miaka 1914 na 1918. Akaniambia, "Fundi, ning'olee hiki kishikio cha juu. Sonara anataka fedha tupu." Binti yake anaolewa, ilitakiwa itoke hereni.

Nikavaa kioo changu cha jicho nikaizungusha taratibu chini ya taa. Kwenye ukingo, pale penye unene wake, kulikuwa na maandishi madogo: namba, cheo, jina, kisha K.A.R. Nikamsomea lile jina. Mama akavuta benchi akaketi. Lilikuwa la baba wa bibi yake, mtu ambaye nyumbani kwao wanajua tu kwamba "alikwenda vita vya Mjerumani". Akaniuliza, "Nani kaliandika humu?"

Aliyeliandika ni serikali ya Uingereza. Medali za vita ile ya kwanza zilipigwa jina la mwenyewe moja moja, kwa jenerali na kwa askari wa mwisho. Ile ya fedha aghalabu hufuatana na nyingine ya shaba yenye picha ya mwanamke mwenye mabawa, nayo ina jina ukingoni vilevile. Ndugu zangu, msiidharau namba iliyotangulia jina. Akina Juma, Hamisi na Saidi walikuwa wengi mno ndani ya Keya, na karani aliandika jina kama alivyolisikia. Namba ndiyo inayomtenga Juma mmoja na mwenzake, na ndiyo atakayoiulizia mtafiti akienda kufungua orodha za medali katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, pale Kew, London.

Na fedha yenyewe ni kiasi gani? Medali nzima haifiki tola tatu. Mwaka 1980, bei ya fedha ilipopaa duniani, Waingereza wenyewe waliziyeyusha kwa wingi, na leo wakusanyaji wa kwao wanazilia. Mama yule hakuyeyusha. Hereni zilipatikana kwa njia nyingine, na sonara, ambaye ni jirani yangu, alininunia siku mbili.

Adui mwingine wa ukingo ni usafi. Nimeshika medali ambazo zilisuguliwa kwa jivu na ndimu kila ikikaribia Idi, miaka hamsini, mpaka jina limekwisha kabisa. Zinang'aa kama kioo na hazisemi kitu. Mkusanyaji akiiona ya hivyo anaiweka chini. Weusi wa fedha hauli medali, uacheni.

Sasa za vita vya Hitla ni habari nyingine, na hapo ndipo penye maumivu yangu. Nyota zile za pembe sita, za shaba ya njano, zenye taji na herufi za mfalme katikati, hazina jina. Wahindi, Waafrika Kusini na Waaustralia waliandikiwa majina yao, lakini Waingereza waliamua kutoziandika, hata za askari wao wenyewe, na watu wetu wakaingia katika uamuzi huo. Ukiishika Nyota ya Burma (nchi hiyo leo ni Myanmar) huwezi kujua ilikuwa ya nani, awe kanali au mpishi. Ndiyo maana ikiwa peke yake bei yake ni ndogo. Ikikaa na wenzake, na cheti cha kuachishwa jeshi, na picha ya mwenyewe kavaa kofia yake, inakuwa kitu kingine kabisa. Mnunuzi mjuzi analijua hilo, na ndiyo sababu atakuuliza kwa upole kama kuna "makaratasi yoyote ya zamani" anayoweza kukusaidia kuyatupa.

Zikiwa pamoja zinasimulia safari. Nyota ya Afrika inakwambia mzee alikuwa kwenye vita vya Abisinia (Ethiopia) na Somalia mwaka 1940 au 1941, au huko Afrika ya Kaskazini. Madagaska ya 1942, ambako kikosi cha kwanza cha 6 KAR cha Tanganyika kilipelekwa, haimo katika Nyota ya Afrika. Inahesabiwa katika Nyota ya 1939-45. (Usiniulize kwa nini, ramani haikuchorwa na mimi.) Ya Burma, au Bama kama wazee walivyosema, inamweka kwenye misitu ile, pengine ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoshuka bonde la Kabaw katika mvua za 1944 na kuvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Vikosi vya 26 na 36 KAR katika divisheni hiyo vilikuwa vya Tanganyika. Ukizitawanya nyota hizo, safari imekatika, na hakuna wa kuiunga tena.

Nasema hivyo kwa sababu nilishazitawanya mimi mwenyewe. Mwaka 1993 mzee mmoja alinijia na nishani nne zimeshonwa kwenye kipande cha kitambaa cha kaki. Alikuwa na shida ya pesa ya dawa. Nilimpa shilingi elfu tatu, nikajiona mkarimu. Akanipa na cheti chake, kimekunjwa mara nne, nikakitia kwenye droo. Baada ya miezi miwili akapita mtalii, akapenda tatu kati ya zile, nikazikata uzi kwa wembe wangu wa kazi nikampa. Ile ya nne, ya Burma, aliikataa kwa kuwa pete yake ya juu ilikuwa imevunjika. Cheti kilichakaa na unyevu wa droo, siku moja nikakifagia na takataka nyingine. Sikuandika jina popote, nami ni mtu ninayeandika jina la mwenye saa hata kama kaja kubadilisha betri tu.

Kama miaka kumi baadaye alikuja kijana akaniuliza kama nimewahi kununua nishani za babu yake, kwa maana marehemu alisema aliziacha "kwa fundi saa wa Ngamiani". Niliona haya. Nikamwambia mafundi saa tuko wengi. Akashukuru, akaenda zake.

Tangu siku hiyo nina daftari. Kila nishani inayopita mezani pangu naiandika: imetoka kwa nani, ya nani, kijiji gani, maneno ya ukingoni herufi kwa herufi hata kama yamekosewa. Sizinunui tena. Kusoma ukingo ni bure, na nikiwa na nafasi namwandikia mwenyewe kwenye karatasi ya kuwekwa pamoja na medali. Ukiwa mbali huhitaji kuja kwangu, taa kali na kioo cha kukuzia vinatosha. Za vita vya Hitla, zisizo na jina, ziandikieni ninyi na mzifunge pamoja.

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile vya kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Ile sanamu ya Askari pale Dar es Salaam haina jina la mtu, na Kariakoo tunakwenda kununua nyanya bila kukumbuka kwamba imeitwa kwa ajili ya wapagazi wa vita hivyo. Basi kipande kile cha fedha kabatini kwa bibi yako huenda ndipo mahali pekee jina lilipobaki. Na ninyi mliopigana vita vya Kagera, ambao wengi mngali hai, andikeni sasa wenyewe, msisubiri fundi saa.

La mwisho, mhariri, ndilo hasa lililonifanya nikuandikie. Mzee yule wa 1993 alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, akichechemea mguu wa kushoto. Alisema ametokea upande wa Pangani. Alivaa koti la kaki lenye kifungo kimoja cha shaba, vingine vya plastiki. Kijana wake, au yeyote wa ukoo huo, akisoma hapa, Nyota ya Burma ninayo, ndani ya kopo la dawa ya viatu kwenye droo ya juu. Pete nimeshaitengeneza.

Fundi Saa,
Ngamiani, Tanga